Kemia ya Myeyusho wa Maji kwa Mwanafunzi wa Sayansi ya Uhai: Mwongozo wa Kuisoma Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uuguzi, wa maabara ya tiba, wa famasia, wa baiolojia ya bahari au wa sayansi ya chakula hapa Mombasa, aliyekuja chuoni kusoma viumbe na mara akajikuta mbele ya ubao uliojaa R, T na logi. Somo hili hufunzwa mapema na kwa haraka, na wengi hulivuka kwa kukariri fomula usiku wa kuamkia mtihani. Baadaye fiziolojia na biokemia zinapolidai, huwa limekwisha kuyeyuka.

Naliona hivi: fomula ije mwisho. Swali lolote la myeyusho, liwe la dripu, la damu, la bwawa la samaki au la enzaimu, lina maswali mawili ndani yake. Humu majini mna chembe za nini? Na ni ngapi? Anayeyajibu hayo kwanza hukuta fomula imeshajichagua. Ndiyo maana sikufuata mpango wa vitabu vingi, ambavyo huanza na sheria za thermodinamiki. Hapa tunaanza na maji, tunahesabu, tunakwenda kwenye osmosisi (maji kuvuka utando kuelekea penye chembe nyingi), ioni, bafa (miyeyusho inayozuia pH isiyumbe) na gesi, kisha nishati ndiyo inafunga.

Tayarisha daftari moja la somo hili peke yake, kikokotoo chenye logi, mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, jagi la lita, na vitu vya sokoni: viazi, chumvi, sukari, manjano na ndimu. Navyo tutavitumia kweli.

Kabla ya yote: hisabati inayotakikana

Ni kidogo kuliko unavyohofia. Jua uwiano. Jua kubadilisha vipimo: gramu kwa miligramu, lita kwa mililita, moli kwa milimoli. Jua logi kiasi cha kukadiria bila kikokotoo: logi ya 2 ni 0.30, ya 3 ni 0.48, ya 5 ni 0.70, ya 10 ni 1. Kwa hizo nne utapata logi ya 20 (1.30), ya 6 (0.78), ya 15 (1.18) na nyingine nyingi kwa kujumlisha tu.

Jenga na tabia hii: andika makisio yako kabla ya kubonyeza kikokotoo. Kikokotoo kikileta 740 na wewe ulikisia 7, umeshajua kwamba kuna kipimo hukukibadilisha. Makosa mengi ninayoyaona kwenye daftari za wanafunzi ni ya vipimo. Kemia yenyewe wanaijua.

Hatua ya kwanza: yajue maji yenyewe

Usikae sana hapa, ila mambo matatu yashike barabara. Molekuli ya maji ina upande wenye chaji hasi kidogo, penye oksijeni, na upande wenye chaji chanya kidogo, penye hidrojeni. Kwa sababu hiyo molekuli hushikana kwa bondi za hidrojeni, na huzizunguka ioni za chumvi na kuzitenganisha. Kipimo cha dielektriki cha maji ni karibu 78 kwenye nyuzi 25, maana yake mvutano kati ya ioni mbili ndani ya maji hupungua mara 78 ukilinganishwa na ombwe. Chumvi huyeyuka majini na haiyeyuki kwenye mafuta ya nazi kwa sababu hii.

La pili: lita moja ya maji ina moli 55 na ushei za maji (gramu 1000 ugawe kwa 18). Kila kiyeyushwa utakachokutana nacho mwilini ni kichache mno mbele ya idadi hiyo.

La tatu ndilo linalowashangaza watu. Kwenye maji safi yenye pH 7 (pH ni kipimo cha uasidi: logi ya ukolezi wa ioni za hidrojeni, alama yake ikigeuzwa), ukolezi wa ioni hizo ni moli 0.0000001 kwa lita. Gawanya 55 kwa hiyo: ni ioni moja kwa molekuli milioni 550 hivi za maji. Sasa chukua bakteria wa *E. coli*, ambaye ujazo wake ni karibu femtolita moja, yaani lita 10⁻¹⁵. Zidisha kwa 10⁻⁷, kisha kwa namba ya Avogadro, yaani idadi ya chembe katika moli moja, 6.022 × 10²³. Unapata ioni 60 huru. Sitini tu, katika kiumbe kizima! Fanya hesabu hiyo kwa mkono wako, kwa sababu ndiyo itakayokufanya uelewe baadaye kwa nini hakuna seli inayoishi bila bafa.

Hatua ya pili: hesabu chembe, acha gramu

Hapa ndipo pa kukaa siku nyingi. Gramu ni za mizani. Seli haina mizani. Seli huhisi idadi ya chembe.

Anza na dripu ya kawaida ya chumvi, ile ya asilimia 0.9. Ni gramu 9 kwa lita. Masi ya moli ya NaCl ni 58.44, kwa hivyo 9 ugawe kwa 58.44 ni moli 0.154, au milimoli 154. Lakini NaCl ikiingia majini huachana: sodiamu kivyake, kloraidi kivyake. Chembe ni mara mbili, 308. Huo ndio osmolariti, miliosmoli 308 kwa lita, na damu ina karibu 285 hadi 295. Dripu na damu zinakaribiana, basi seli nyekundu inakaa salama.

Zoezi bora kuliko yote katika hatua hii limo ndani ya pakiti ya ORS, ile chumvi ya kunywa ya mgonjwa wa kuharisha. Fomula ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2002 ni hii, kwa lita moja: chumvi ya kawaida gramu 2.6, kloraidi ya potasiamu gramu 1.5, sitireti ya sodiamu yenye maji mawili gramu 2.9, na glukosi gramu 13.5. Usitazame majibu. Chora jedwali la ioni na uzihesabu moja moja.

NaCl: 2.6 kwa 58.44 ni milimoli 44.5 za sodiamu na 44.5 za kloraidi. KCl: 1.5 kwa 74.55 ni milimoli 20 za potasiamu na 20 za kloraidi. Sitireti: 2.9 kwa 294.1 ni milimoli 9.9, na kila moja ina sodiamu tatu, yaani karibu 30. Glukosi: 13.5 kwa 180.16 ni 75. Jumla, kwa kukaribisha: sodiamu 75, kloraidi 65, glukosi 75, potasiamu 20, sitireti 10. Zikusanye: 245.

Tazama sodiamu na glukosi: 75 kwa 75. Ukuta wa utumbo una protini inayovusha sodiamu na glukosi kwa pamoja, na maji hufuata nyuma. Idadi hiyo imepangwa, na huwezi kuiona ukibaki kwenye gramu, kwa sababu 2.6 na 13.5 hazifanani hata kidogo. (Hesabu ni ya daftari. Mgonjwa apewe pakiti iliyopimwa, asipewe mchanganyiko wa kukisia nyumbani.)

Mtego wa kuuzoea: maji yaliyofungwa ndani ya fuwele. Fosfeti ya disodiamu, Na₂HPO₄, huuzwa kavu (masi 141.96), au na maji mawili (177.99), saba (268.07) au kumi na mawili (358.14). Ukitaka milimoli 10 kwa lita, kavu ni gramu 1.42 na ile ya maji kumi na mawili ni 3.58. Soma karatasi ya chupa kila mara, hata kama chupa ni ileile ya jana. Huenda fundi wa maabara ameijaza kutoka kwenye kopo jingine.

Hatua ya tatu: osmosisi, kwa viazi na kwa kalamu

Mwanafunzi wa baiolojia huja kwenye fizikia ya kemia kama mgeni nyumba ya watu. Hana haja. Mwaka 1877 mtaalamu wa mimea Wilhelm Pfeffer alichapisha vipimo vyake vya shinikizo la osmosisi la miyeyusho ya sukari. Mtaalamu mwingine wa mimea, Hugo de Vries, ndiye aliyemwonyesha Jacobus van 't Hoff vipimo hivyo, naye van 't Hoff akagundua kwamba vinafuata sheria inayofanana na ya gesi:

π = i × M × R × T

M ni molariti, yaani moli kwa lita, R ni namba thabiti ya gesi, 0.08206 shinikizo likiwa kwa atmosfia, T ni joto kwa kelvini, na i ni idadi ya chembe zinazotokana na kila kitengo cha fomula. Mwaka 1901 van 't Hoff alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia, ya kwanza kabisa kutolewa. Chanzo kilikuwa mimea.

Kuhusu hiyo i palikuwa na kitendawili: kwa nini chumvi hufanya kazi kama ya chembe mbili? Svante Arrhenius, katika tasnifu yake ya mwaka 1884 kule Uppsala, alishika njia ya kusema kwamba chumvi huachana kuwa ioni majini. Walimu wake walimpa alama ya chini. Mwaka 1903 akapata Nobel yake.

Unaweza kulithibitisha jambo hilo jikoni. Tengeneza lita ya sukari ya 0.5 M: masi ya sukari ni 342.3, kwa hivyo weka gramu 171 ndani ya jagi, mimina maji kidogo, koroga hadi iyeyuke, ndipo ujaze mpaka alama ya lita. (Anayemimina lita kamili juu ya sukari amepata zaidi ya lita, na ukolezi umeshuka.) Kutokana na hiyo punguza upate 0.4, 0.3, 0.2 na 0.1: kwa 0.1, chukua mililita 40 ujazie hadi 200. Kando weka maji matupu. Fanya vivyo hivyo kwa chumvi, gramu 29 kwa lita ndiyo 0.5 M.

Menya viazi, kata vijiti vya unene mmoja, pima gramu 50 kwa kila bakuli. Usiweke kijiti kimoja kimoja, mizani ya jikoni haitaona badiliko lake. Baada ya saa mbili toa, futa kwa kitambaa, pima tena. Chora grafu: ukolezi chini, badiliko la uzito kwa asilimia pembeni. Mstari unapokata sifuri, hapo nje na ndani ya seli pamelingana. Kwa sukari mara nyingi huangukia karibu na 0.3 M. Kwa chumvi utaona umeangukia karibu nusu yake. Nusu hiyo ndiyo i = 2, umeipata kwa kisu na bakuli. Anayetengeneza achari ya embe au ng'onda hutumia nguvu hiyohiyo kuwanyima bakteria maji.

Sasa kalamu. Damu ya miliosmoli 290 kwenye nyuzi 37: 0.290 × 0.08206 × 310 ni karibu atmosfia 7.4. Ni shinikizo kubwa. Albumini je? Iko gramu 40 hivi kwa kila lita ya plazima, nyingi kwa uzito kuliko chumvi yote, lakini masi yake ni karibu 66,500. Ukigawa unapata milimoli 0.6 tu, na shinikizo lake halifiki hata milimita 12 za zebaki kwa hesabu hii rahisi. Hata hivyo hilo dogo ndilo linaloyazuia maji yasitoke mishipani, kwa sababu kuta za kapilari hupitisha chumvi pande zote mbili na kuizuia albumini. Ini likishindwa kuitengeneza, miguu hufura.

Hapo umeshakutana na jambo linaloangusha wengi mtihanini: osmolariti ni hesabu ya chembe zote, lakini tonisiti ni hesabu ya zile tu zisizoweza kupita utando. Tia seli nyekundu kwenye yurea ya 0.3 M. Kwa osmolariti ni sawa na damu. Lakini yurea hupenya utando, ikishaingia maji huifuata, na seli hupasuka. Dripu ya chumvi ya osmolariti hiyohiyo haiipasui. Kila ukikutana na swali la seli ndani ya myeyusho, uliza kwanza: kiyeyushwa hiki kinapita au hakipiti?

Kushuka kwa nyuzi za kuganda, kupanda kwa nyuzi za kuchemka na kushuka kwa shinikizo la mvuke ni sura nyingine za hesabu hiyohiyo ya chembe. Visome jioni moja, ujue tu kwamba mashine ya hospitali ya kupima osmolaliti (chembe kwa kilo ya maji badala ya kwa lita) kwa kawaida hufanya kazi kwa kugandisha sampuli: osmoli moja kwa kilo ya maji hushusha nyuzi 1.86.

Hatua ya nne: ioni huoneana

Maji ya bahari yana chumvi karibu gramu 35 kwa kilo. Tuseme yote ni NaCl: 35 kwa 58.44 ni 0.6, mara mbili ni 1.2. Lakini kipimo cha kweli ni kama osmoli 1 hadi 1.1. Zimekwenda wapi? Hazikwenda popote. Ioni chanya hupenda kuwa na hasi jirani, na ujirani huo hupunguza uhuru wa kila moja. Ukolezi unaofanya kazi, unaoitwa aktiviti, ni mdogo kuliko ukolezi uliopima.

Nguvu ya ioni hupatikana hivi: chukua ukolezi wa kila ioni, zidisha kwa mraba wa chaji yake, jumlisha zote, gawa kwa mbili. Huo mraba ndio wa kuangalia. NaCl ya 0.1 M ina nguvu ya ioni 0.1, CaCl₂ ya 0.1 M ina 0.3. Peter Debye na Erich Hückel walitoa nadharia yao ya ujirani huu wa ioni mwaka 1923, na sheria yake nyepesi inafaa kwa miyeyusho hafifu tu, hadi kama 0.01 M. Damu imeshapita hapo. Kwa hivyo ijue sheria kwa ajili ya kuelewa mwelekeo, lakini kwa kazi ya maabara tumia majedwali: NaCl ya 0.15 M ina kigezo cha aktiviti (aktiviti ÷ ukolezi) karibu 0.75. Mwalimu akikulazimisha kuitoa nadharia nzima kwa hisabati, fanya upate alama; kwa mwanabaiolojia sioni faida yake kubwa.

Hatua ya tano: pH na bafa

pH ililetwa na Søren Sørensen mwaka 1909, kwenye maabara ya Carlsberg kule Copenhagen, kwa ajili ya kazi ya enzaimu. Tangu mwanzo, basi, ni chombo cha biokemia.

Anza na manjano. Doa la biriani kwenye kanzu nyeupe likiguswa na sabuni ya kipande hugeuka jekundu. Ukilikamulia ndimu hurudi njano. Rangi ya manjano ni asidi dhaifu: ikiwa na hidrojeni yake ni ya njano, ikiipoteza ni nyekundu, na mgeuko hutokea pH ikiwa 8 hadi 9 hivi. Umeona kwa macho jambo ambalo fomula hii husema:

pH = pKa + log (besi ÷ asidi)

pKa ni namba ya kila asidi dhaifu: pH ikilingana nayo, nusu imepoteza hidrojeni na nusu bado inayo. Ukipanda hatua moja ya pH, uwiano ni 10 kwa 1. Hatua mbili, 100 kwa 1. Kwa ufahamu huo utajibu nusu ya maswali bila kikokotoo. Mfano wa bwawa la samaki: amonia ina pKa karibu 9.25 kwenye nyuzi 25. pH ikiwa 7, amonia isiyo na chaji, ile inayopenya matamvua na kudhuru, haifiki hata asilimia 1. pH ikipanda hadi 9, kama mchana mwani unapomaliza kaboni dioksidi, inafika asilimia 36. Amonia yote kwa jumla haikuongezeka.

Sasa damu, na hapa tulia. Bafa kuu ya plazima ni baikaboneti: pKa 6.1, baikaboneti milimoli 24, kaboni dioksidi iliyoyeyuka 1.2 (shinikizo la milimita 40 mara 0.03). Uwiano 20, logi 1.30, pH 7.40. Safi. Lakini mwanafunzi makini atauliza: si tumefunzwa bafa ifae ndani ya hatua moja ya pKa? 7.4 na 6.1 zimeachana kwa 1.3!

Jaribu. Ongeza milimoli 5 za asidi kwenye chombo kilichofungwa. Baikaboneti inashuka hadi 19, kaboni dioksidi inapanda hadi 6.2, uwiano 3.06, pH 6.59. Mgonjwa huyo hayupo nasi tena. Sasa fungua chombo: mapafu yatoe ile ziada, kaboni dioksidi ibaki 1.2. Uwiano 15.8, pH 7.30. Asidi ni ileile. (Himoglobini na protini nyingine nazo husaidia, nimeziacha kando.) Bafa hii ina nguvu kwa sababu imefunguliwa kwa hewa upande mmoja, na figo upande mwingine. Ukilielewa hili, sura nzima ya asidosisi na alkalosisi (pH ya damu kushuka au kupanda kupita kiasi) kwenye fiziolojia itasomeka.

Kutengeneza bafa maabarani kuna mitego miwili inayostahili kuelezwa kwa namba. Tuseme unataka fosfeti ya milimoli 50, pH 7.4. Kitabu kinasema pKa ni 7.2. Uwiano ni 10 kwa kipeo cha 0.2, yaani 1.58, unapima milimoli 30.7 za HPO₄²⁻ na 19.3 za H₂PO₄⁻. Unatia kipima pH, kinasoma karibu 7.0. Hujakosea mizani. Ile 7.2 ni ya maji yasiyo na ioni nyingine. Kwenye nguvu ya ioni ya 0.1 na kuendelea, pKa ya fosfeti hushuka hadi 6.8 hivi. Anza na 6.8 na uwiano unakuwa 4 kwa 1: milimoli 40 na 10. Kisha rekebisha kwa matone.

Mtego wa pili ni Tris, bafa nyingine ya maabara, na kwa joto letu ni mbaya zaidi. pKa yake ni 8.06 kwenye nyuzi 25, na hushuka karibu 0.028 kwa kila nyuzi inayopanda. Ukiirekebisha iwe 7.4 juu ya meza yenye nyuzi 30, kisha ukaiweka friji ya nyuzi 4, tofauti ni nyuzi 26 mara 0.028: imepanda 0.73, imefika 8.1. Enzaimu iliyotarajia 7.4 haitakuelewa. Rekebisha pH kwenye joto utakalofanyia kazi. Fosfeti haichezichezi hivyo, lakini usiichanganye na kalsiamu, itaganda chini kuwa unga mweupe.

Utaratibu wenyewe: yeyusha kwenye robo tatu ya maji, subiri myeyusho ufikie joto utakalofanyia kazi, rekebisha pH, ndipo ujaze hadi alama. Kipima pH kisawazishwe kwa bafa mbili zinazoizunguka pH unayoitaka, na joto liwekwe sawa kwenye mashine: elektrodi hutoa milivolti 59.2 kwa kila hatua ya pH kwenye nyuzi 25, na 60.1 kwenye nyuzi 30.

Hatua ya sita: gesi ndani ya maji

Fupi. Gesi huyeyuka kulingana na shinikizo lake juu ya maji, na hupungua maji yakipata joto. Maji yasiyo na chumvi, kwenye usawa wa bahari, hubeba oksijeni miligramu 9.1 kwa lita kwenye nyuzi 20, na 7.6 kwenye nyuzi 30. Maji ya bahari ya nyuzi 30 hubeba kama 6.2 tu. Anayesomea bahari na kwenda na darasa kwenye mikoko ya Tudor ayabebe mawazoni: maji ya moto, ya chumvi na yaliyotulia yana hewa haba kabla hata viumbe havijaanza kuivuta.

Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe. Maji ya kisima hubeba kalsiamu na baikaboneti; ukiyachemsha, kaboni dioksidi inatoka, msawazo unahama, na kalsiamu kaboneti inagandamana ndani ya birika, ule ukoko mweupe. Andika mlinganyo wake, kisha eleza kwa mlinganyo huohuo kwa nini siki huutoa.

Hatua ya saba: nishati, na tando zenye chaji

Sasa ndipo ΔG = ΔH − TΔS inakuwa na maana, kwa kuwa unajua ni nini kinachosogea. ΔG ni badiliko la nishati huru (ikiwa hasi, jambo hutokea lenyewe), ΔH ni joto linaloingia au kutoka, na ΔS ni badiliko la entropi, yaani mtawanyiko. Tia mbolea ya yurea ndani ya glasi ya maji: glasi inapoa mkononi, lakini yurea inayeyuka. ΔH ni chanya. Kinachousukuma mchakato ni entropi. Halafu mafuta: hujikusanya pamoja kwa kiasi kikubwa kwa sababu molekuli za maji zinazoyazunguka hulazimika kujipanga, na yakikusanyika maji hupata uhuru. Protini hujikunja na utando hujijenga kwa nguvu hiyo.

ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, ikivunjika kuwa ADP na fosfeti: kitabu husema ΔG°′ ni −30.5 kJ kwa moli. Hiyo ni kwa ukolezi wa 1 M, ambao hakuna seli inayo. Weka ATP milimoli 5, ADP 0.5, fosfeti 5, nyuzi 37. Uwiano (ADP × fosfeti ÷ ATP, zote kwa moli) ni 0.0005, RT ni 2.58, logi asilia ni −7.6, kwa hivyo unaongeza −19.6 na kufika −50. Tena ni kuhesabu chembe.

Mlinganyo wa Nernst, unaotoa volti ya ioni kwenye utando, ni huohuo ukivaa chaji. Potasiamu nje 4, ndani 140, nyuzi 37: 61.5 × log (4 ÷ 140) ni milivolti −95.

Unyevu wa pwani

Jambo ambalo vitabu vya nchi za baridi havitakuambia kwa uzito unaostahili. Hapa soda kali (NaOH) na kloraidi ya kalsiamu hunyonya unyevu ukizitazama. Chembe ya soda iliyokaa mezani dakika chache imelowa, na imeshavuta kaboni dioksidi pia. Ukipima gramu 4 hupati moli 0.1. Funga kopo mara moja, pima haraka, na myeyusho wa soda usiuamini mpaka uutitre (uupime kwa matone) dhidi ya asidi inayojulikana. Chumvi ya kawaida ikaushwe kwenye oveni ya nyuzi 110 na ipozwe ndani ya desiketa, chombo kikavu kisichoingiza unyevu. Flaski nazo zimepimwa kwa nyuzi 20. Kwenye nyuzi 30 tofauti ni kama asilimia 0.25, ambayo kwa kazi ya kawaida unaweza kuiacha. Hangaika na soda kwanza.

Namna ya kupanga masomo

Hatua ya pili na ya tano zipewe nusu ya muda wako wote. Soma na mwenzako mmoja, kila mmoja amtungie mwingine swali kutoka kwenye kitu halisi: karatasi ya dripu, pakiti, chupa ya dawa ya macho. Kila swali lianze kwa kuchora bika na kuandika chembe zilizomo, hata kama linaonekana rahisi. Mtihani wa zamani usiuguse mpaka umemaliza hatua ya tano. Ukiugusa mapema utajifunza kutambua maswali tu.

Haya ni ya kuanzia, majibu yako chini yake.

1. Manitoli ya asilimia 20 (masi 182.17, haiachani majini): osmolariti yake ni ngapi?
2. Chumvi ya asilimia 3 je? Inakaribiana na maji gani unayoyajua?
3. Asidi ya laktiki ina pKa 3.86. Kwenye pH 7.4, laktiki isiyo na chaji ni moja kwa ngapi?
4. Aspirini ina pKa 3.5. Linganisha hali yake kwenye pH 1.5 na pH 7.4.

Majibu: (1) miliosmoli 1,098 kwa lita. (2) karibu 1,027, jirani ya maji ya bahari, ndiyo maana hutolewa hospitalini kwa uangalifu mkubwa. (3) moja kwa 3,500 hivi. (4) kwenye 1.5, asilimia 99 haina chaji na inaweza kupenya utando, kwenye 7.4, yenye chaji ni karibu 7,900 kwa kila moja isiyo nayo.